Nywele Nilizozichimbua Kwenye Chungu cha Ua

Nilimwita mama mkwe wangu mchawi mbele ya watu. Naanza na hilo moja kwa moja, kwa sababu nikianzia mbali najua nitajipendelea, na wewe unayesoma utanionea huruma kabla hujajua nilichofanya.

Sikumwita kwa kunong'ona. Wala haikuwa hasira ya ghafla ambayo mtu anaweza kusema shetani alimpitia. Neno lile nilikaa nalo mdomoni muda mrefu, nalitafuna kimya kimya, nikisubiri siku ya kulitema. Siku ilipofika nililitema uani, wapangaji wengi wapo, tena nikawaita waje wasikie.

Jina langu siliandiki. Waliokuwepo siku ile wananijua.

Mimi ni Mnyiha, mtoto wa watu wa kahawa upande wa Nanyala. Nimeolewa na Mndali wa Ileje. Nimwite Baba Atu, kwa jina la binti yetu Atupele. Kazi yake ni kufuatilia karatasi za malori yanayovuka kwenda Zambia, na mimi nauza vitenge. Tunakaa Tunduma, nyumba ya kupanga, vyumba vimezunguka uani na uani kwenyewe kumemwagwa saruji kuanzia getini mpaka chooni. Hata ukitaka kupanda shina moja la mchicha huna pa kulipanda.

Sebuleni kwangu palikuwa na ua. Dada yangu alininunulia Vwawa, kwa wale wanaouza miche kando ya barabara, siku tulipohamia. Lilikuwa la majani mapana ya kijani cha kung'aa, na likichanua linatoa ua jeupe lililokaa kama kijiko. Mwanzoni nilikuwa nalifuta hadi vumbi. Halafu duka likanishika. Natoka asubuhi, narudi jioni miguu imevimba, ua nikalisahau palepale pembeni ya televisheni. Wageni wakageuza chungu kuwa mahali pa kutupia vizibo vya soda. Atu akachomeka vijiti vyake. Majani yakalegea, yakalala ukingoni, mwisho yakakauka rangi ya tumbaku. Sikulitupa kwa sababu chungu chenyewe kilikuwa kizuri.

Hali hiyo ndiyo mama mkwe aliyoikuta.

Baba Atu alimleta kutoka Ileje kwa ajili ya macho. Jicho moja lilikuwa limeota utando mweupe, na hospitalini wakasema atapangiwa siku ya upasuaji, asubiri. Kwa hiyo akasubiri kwetu. Mimi sikuulizwa, niliambiwa tu kwamba Mama anakuja. Nikasema karibu. Nilisema kwa mdomo.

Usinielewe vibaya, heshima zote nilimpa. Nilipiga goti kumwamkia, nilimpakulia kwanza, nilimtandikia kitanda cha Atu kwa shuka mpya. Lakini kukaa naye tukaongea, hapana. Kiswahili chake ni cha polepole, kimechanganyika na Kindali, anatafuta neno, analiacha, anatafuta jingine. Mimi narudi nimechoka, sina subira hiyo. Mwanawe naye alikuwa anarudi giza limeshaingia. Basi kutwa nzima akawa yeye, mtoto, na kile chungu.

Siku moja narudi kutoka dukani nikamkuta uani amekitumbukiza chungu chote kwenye beseni langu la kufulia. Maji yamefika ukingoni, mapovu yanapanda kutoka kwenye udongo, naye ameinama anayaangalia kwa lile jicho lake zima. Majani makavu alikuwa ameyakata kwa kisu cha jikoni na kuyarundika pembeni pamoja na vizibo. Kilichobaki kilikuwa kishina kifupi, cheusi, cha kutia kinyaa.

Nikamwambia, Mama, hilo limekufa siku nyingi, ungelitupa tu.

Akakwangua kishina kwa ukucha, akanionyesha. Chini ya ule weusi palikuwa na rangi ya kijani kidogo sana.

"Halijafa," akasema. "Lina kiu."

Nilitabasamu nikaingia ndani. Lakini lile beseni nililisugua kwa dawa kabla ya kulifulia tena. Unaona? Mapema vile! Wala sikujiuliza kwa nini nasugua.

Akalihamisha ua kutoka kwenye televisheni, akaliweka nyuma ya pazia, mahali penye mwanga lakini jua halilipigi. Asubuhi anaingiza kidole kwenye udongo. Kukiwa na unyevu analiacha, kukikauka analipa maji kidogo kwa kikombe. Akasema udongo wake umechoka. Wiki iliyofuata Baba Atu alikwenda kwao kwenye msiba, akarudi na kiroba cha udongo mweusi kutoka chini ya migomba ya mama yake.

Hapo ndipo niliposhtuka hasa. Udongo kutoka Ileje? Mtu anapanda gari na udongo, anapita nao Vwawa, anashuka nao Tunduma, kana kwamba Tunduma hakuna ardhi? Nilimuuliza mume wangu. Akanijibu kwamba Mama amesema udongo wa hapa una mafuta ya malori, utaliua. Jibu la maana kabisa. Lakini mimi nilikuwa nimeshaanza kutafuta jibu jingine.

Jirani yangu wa mlango wa pili, Mama Furaha, anauza dagaa. Yeye ndiye niliyekuwa namwambia yote. Nikamweleza habari ya udongo. Akaacha kuchambua dagaa zake, akaniangalia, akasema kwao wanasema mtu akitaka kuimiliki nyumba yako hutanguliza udongo. Halafu akasema hasemi kwamba ndivyo ilivyo, yeye anasema tu. Simlaumu. Mtu asiyekuwa na kiu hanunui maji, na mimi nilikuwa nayanunua kwake kila jioni.

Ua likachipua. Kwanza kajani kamoja kamejikunja kama sigara, kisha kengine, kisha mengi. Mtu mwingine angefurahi. Mimi lilinitia baridi mwilini. Kitu nilichokiona kimekufa kwa macho yangu kimefufuka ndani ya nyumba yangu, kwa mikono ya mtu mwingine, kwa udongo wa kwao. Na lilivyozidi kunawiri, mambo yangu yakaanza kuharibika. Wateja wangu kutoka Nakonde, wale mama wa Kizambia wanaoniita "bamayo", yaani mama, na kuchukua vitenge kwa mafungu, wakapungua. Kwacha, hela yao, ilikuwa imeshuka, kila muuza vitenge mtaani analia. Lakini kilio changu nilikiona ni cha peke yangu, na nilijua kinatoka wapi. Kinatoka nyuma ya pazia.

Tena alikuwa analisemesha. Nilirudi mapema siku moja, nikamsikia kabla sijafika mlangoni, anaongea Kindali taratibu, ananyamaza, anaongea tena, kama mtu anayejibiwa. Nikachungulia dirishani. Amekaa kwenye kigoda mbele ya ua, Atu amelala mapajani, yeye anaongea na majani. Aliponiona akanyamaza. Nikamwamkia, akaitikia. Sikuuliza. Nilikwenda kumuuliza Mama Furaha!

Na jioni, yeye na mwanawe wakikaa barazani, Kindali tupu, sauti za chini. Nikitokea na chai wanaacha. Nilimuuliza Baba Atu wanaongea nini, akasema mambo ya nyumbani. Nikasema moyoni, nyumbani kwa nani?

Halafu likaja la nywele.

Atu alipata mapunye kichwani. Nilikuwa nimepanga kumpeleka kinyozi Jumapili. Ijumaa narudi namkuta kichwa kinang'aa, bibi yake amemnyoa kwa wembe, amempaka mafuta, na kucha amemkata zote za mikono na miguu. Nikatazama chini, sakafu safi. Nikaenda kwenye pipa la taka, hakuna kitu. Nikarudi nikamuuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, nywele za mtoto ziko wapi.

Akasema, "Nimeziweka pazuri, Mama Atu. Usiwe na wasiwasi."

Jamani, mtu akikwambia usiwe na wasiwasi juu ya nywele za mwanao! Ningeweza kumuuliza swali moja tu la pili. Pazuri ni wapi, na kwa nini? Swali jepesi kama la bei ya nyanya. Sikuliuliza, kwa sababu ukweli ni kwamba nilikuwa sitaki jibu. Nilikuwa nataka ushahidi.

Wiki iliyofuata Atu akashikwa na homa. Nikampa dawa ya kushusha joto, ikashuka, ikapanda tena. Akakataa kula. Akawa mlegevu mikononi mwangu kama kitenge kilicholowa. Baba Atu alikuwa amekwama mpakani, foleni ya malori ilikuwa imefika mbali na tajiri wake hampi nafasi. Akanipigia akaniambia nimpeleke mtoto hospitali. Nikamwambia sawa.

Sikumpeleka. Hili ndilo linaloniumiza nikiliandika. Nilimpeleka kwa mwanamke mmoja anayeombea watu nyumbani kwake, Mama Furaha ndiye aliyenielekeza. Yule mwanamke hakumgusa hata paji la uso mtoto wangu. Aliuliza nani anaishi nasi, nikamjibu. Akauliza kama kuna kitu ndani ya nyumba ambacho kinakua. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshamtajia ua nilipokuwa mlangoni najieleza, lakini wakati ule nilisahau. Nikaona ameonyeshwa na Mungu.

Nilirudi nyumbani mtoto yuko mgongoni anaungua. Ilikuwa Jumamosi mchana, wapangaji wengi wapo, wengine wanafua. Sikumsalimia mtu. Niliingia sebuleni, nikatoa pazia, nikachukua mwiko wa ugali nikachimba kile chungu. Mizizi ilikuwa mingi, myeupe, imeshikana. Chini yake nikakutana na kitambaa kimefungwa fundo. Nikafungua. Nywele za mwanangu, na kucha zake.

Nilibeba chungu chote mpaka uani, nikakipasua kwenye saruji. Nikapiga kelele waje wamwone mchawi, waje waone alivyomzika mtoto wangu angali hai. Nilishika kile kitambaa juu, nazungusha, kila mtu aone.

Watu walijaa upesi. Vijana wa bodaboda wakaegesha getini. Mama mkwe alikuwa chumbani, akatoka akiwa ameshika ukuta, maana mwanga wa mchana unamuumiza lile jicho. Akasimama barazani, akatazama chungu, akatazama mkono wangu.

"Ni nywele za mjukuu wangu," akasema. "Nilizizika zisikanyagwe. Zisiokotwe na mtu mbaya. Kwetu tunazika shambani. Hapa kote ni saruji."

Alisema taratibu vile vile kama siku zote. Nani alimsikiliza? Mtu mmoja nyuma alishasema wachawi huchomwa. Mwingine akasema siyo hapa, nyumba ya watu. Niliona jiwe mkononi mwa mwanamume ambaye hata simfahamu, hakuwa mpangaji wetu, alikuwa mpita njia tu. Hapo ndipo nilipoogopa kwa mara ya kwanza, lakini sikusema kitu. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikusema kitu. Ningesema neno moja tu, jamani acheni, wangeacha. Mimi ndiye niliyewaita.

Aliyemwokoa ni mwenyekiti wa mtaa, mzee wa makamo anayekaa nyumba ya tatu. Alipita katikati ya watu bila kusukuma mtu, akamshika Mama mkono, akasema anampeleka kwake na anayetaka kumfuata aanze kutaja jina lake ili aliandike. Hakuna aliyetaja. Aliponipita aliniangalia, akamgusa Atu shingoni. "Mtoto huyu ana homa kali, na wewe umesimama hapa," akasema.

Baba Atu alifika, kumbe mwenyekiti alikuwa amempigia. Hakunigombeza. Alimchukua mtoto mgongoni kwangu, akapanda bodaboda. Mimi nikafuata na nyingine. Hospitalini wakampima: malaria, kali, imeshaingia damuni vibaya. Nesi akaniuliza ameanza lini kuumwa, nikajibu, akaniuliza mlikuwa wapi siku zote hizo. Wakamtundikia dripu. Namshukuru Mungu alipona, leo anakimbia.

Tulipokuwa tumekaa kwenye benchi nje ya wodi, mume wangu akaongea. Alikuwa anatazama mlango, hakunitazama mimi.

"Unajua Mama alikuwa analiambia nini lile ua?"

Nikasema sijui.

"Alikuwa analiambia habari za siku. Atu amekula nini. Nani amepita dirishani. Aliniambia mwenyewe, tukacheka. Akasema humu ndani hana wa kuongea naye, na mtu akikaa kimya muda mrefu anasahau maneno."

Akaendelea. Zile sauti za chini barazani, kumbe Mama alikuwa anamwomba amrudishe Ileje. Alikuwa ameona kwamba simtaki. Alimwambia mwanawe asinigombeze, mimi ni mchapakazi, ila nyumba yangu haina nafasi. Mwanawe alikuwa anambembeleza avumilie mpaka afanyiwe jicho. Walinyamaza nikitokea ili nisijue kwamba ameshajua.

Nilitamani lile benchi linimeze.

Mama alirudishwa Ileje siku ya pili yake. Siku ya upasuaji ilipofika hakuja. Tulimsihi, akakataa, akasema Tunduma hatarudi kukanyaga. Lile jicho sasa halioni kabisa, na la pili limeanza utando. Ua lile, watu wakiniuliza, silijui liliishia wapi. Nilirudi kutoka hospitali nikakuta uani kumefagiliwa.

Nilidhani nimeshalipa. Kumbe maneno yangu yalikuwa yamepanda gari kabla ya Mama. Wapo wanawake wanaotoka huku kwenda kununua ndizi na maharage Ileje siku za mnada, nao walifika na habari nzima, tena imenenepa: kwamba alikutwa na kichwa cha mtoto, kwamba alikiri. Wifi yangu alimpigia kaka yake analia. Kikundi cha wanawake wanaosaidiana kulima kilikuwa kimeacha kumwita Mama. Watoto waliokuwa wakimchotea maji wamekatazwa. Ndama wa jirani alikufa, na mwenye ndama akaja kusimama mlangoni kwa Mama, akamtazama tu, akaondoka. Baba Atu aliniambia haya yote huku anapanga nguo zake kwenye begi, na tangu siku hiyo analala chumba cha mtoto.

Nikaamua kwenda. Tulikwenda wote watatu. Njia ya milimani kule ni kona tupu, na kila kona nilikuwa natafuta maneno, nikifika kona nyingine yamepotea.

Nilimkuta Mama jikoni kwake. Nilipiga magoti kwenye majivu, nikasema nimekosa, nimemtendea ubaya usio na kifani, nimekuja aniadhibu anavyotaka. Alininyanyua. Akasema amenisamehe siku nyingi, maana mtoto akiwa mgonjwa yeyote anaweza kurukwa na akili. Kisha akatupakulia ndizi na maharage.

Sasa sikiliza, hili sijawahi kumwambia mtu. Mama aliponipa sahani, mkono wangu ulisita. Sikukusudia! Nimetoka kuomba msamaha kwa machozi, magoti yana majivu, na bado mkono wangu ukasita juu ya chakula chake. Ilikuwa kitambo kidogo tu, lakini aliona. Kwa jicho lake moja lile lenye ukungu, aliona. Alinyoosha mkono, akachukua kipande cha ndizi kwenye sahani yangu, akakila mbele yangu, akameza, kisha akanisogezea.

Nilikula. Sijui nilimezaje.

Baada ya chakula akaniambia, "Mimi nimekusamehe, Mama Atu. Lakini hawa wa huku hawakukosewa na wewe, hawana cha kukusamehe. Wao wameambiwa tu. Nenda ukawaambie tena."

Jumapili nikasimama kanisani baada ya matangazo. Mzee wa kanisa alikuwa ameniruhusu. Nilisema yote, kwa Kiswahili, wifi yangu akitafsiri: kwamba nilimsingizia, kwamba zile nywele zilizikwa kwa kumlinda mtoto, kwamba mtoto aliugua malaria na mimi ndiye niliyemchelewesha, kwamba mama huyu hana kosa lolote. Nililia, sikujizuia. Nilikaa nikihisi mzigo umeshuka, nikasema afadhali.

Tulipotoka nje wanawake wakanizunguka kunipa mkono. Mmoja, mtu mzima, amevaa kitambaa cheupe cha kichwani, akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Macho yake yalikuwa na huruma ya kweli.

"Pole sana, mwanangu," akaniambia, kwa Kiswahili ili nielewe vizuri. "Tunajua hukusema kwa akili yako. Umekonda. Atakuachia tu, tunakuombea."

Nikamwambia hapana, nimesema kwa akili yangu timamu. Akatikisa kichwa, akanipigapiga begani kama anayembembeleza mgonjwa. Nikageukia wengine, nikawaona wananitazama vilevile. Nilivyozidi kumtetea Mama ndivyo walivyozidi kuona alivyonishika. Machozi yangu yale yale niliyoyamwaga kumsafisha yakawa ushahidi mwingine juu yake!

Mama alikuwa amesimama hatua chache kutoka pale, ameshika fimbo yake. Sina shaka alisikia. Akaanza kushuka njia ya kurudi nyumbani, na watu wote waliokuwa njiani wakampisha, wakajibana pembeni kwenye majani, mama wenye watoto wakawavuta watoto wao nyuma. Alipita katikati yao polepole, anapapasa njia kwa fimbo, na hakuna aliyemwamkia. Mimi na Baba Atu tukamkimbilia tukamshika mkono, huku na huku. Baba Atu hakunitazama.

Sikuandika ili unipe pole. Najua wako wengi wanaosoma hapa wana mtu ndani ya nyumba ambaye wanamtilia shaka: mkwe, dada wa kazi, mtoto wa ndugu aliyeletwa kusoma. Kila kitu chake umeshakihesabu, anavyokaa, anavyonyamaza, anachokificha. Nakuomba, kabla hujalipeleka kwa jirani, kaa naye chini mwulize yeye mwenyewe, tena uwe tayari kulipokea jibu. Na kama roho inakataa kabisa kumuuliza, basi nyamaza. Ukinyamaza ukawa umekosea, kesho utaongea. Ukiongea ukawa umekosea, wapo watu usiowajua, milimani usikowahi kufika, watakaoendelea kuongea badala yako, na hao hutawanyamazisha hata ukiwapigia magoti.